Sura ya Saba: Futi Sita

Tarehe 23 Mei 2022 ndege aina ya Airbus A320 iliondoka Arlanda, uwanja mkubwa wa Stockholm, kwenda Paris. Iliendeshwa na kampuni ya Airhub ya Malta, ikiruka kwa niaba ya Norwegian, na ndani yake walikuwamo watu 178. Paris mvua ilikuwa ikinyesha na mawingu yamekaa chini. Mtambo wa redio unaowaelekeza marubani hadi kwenye njia ya kutua ulikuwa umezimwa upande ule, kwa hiyo walishuka kwa kutegemea setilaiti kujua wako wapi, na kanieneo ya hewa kujua wako juu kiasi gani. Mwongoza ndege akawatajia kanieneo ya pale uwanjani: hektopaskali 1011. Iliyokuwepo kweli ni 1001. Marubani wakaipokea kama walivyotajiwa, wakaiingiza kwenye altimita zao, wakaendelea kushuka.

Ni kosa la tarakimu moja. Lakini karibu na ardhi kila hektopaskali moja ya kanieneo ni sawa na futi 28 hivi, kwa hiyo kumi zinafika futi 280, yaani mita 85. Ndege nzima ikawa inateremka mita 85 chini ya mstari ambao vyombo vyake viliapa kwamba imeukalia. Ilipofikia kimo cha kuamua, na njia haijaonekana, marubani walifanya kama walivyofundishwa: wakaongeza nguvu za injini ili wapande na kuzunguka. Hadi ndege inageuka kutoka kushuka kwenda kupanda, ilikuwa imefika futi sita kutoka ardhini. Hazifiki mita mbili. Na njia ya kutua ilikuwa bado kama kilomita moja na nusu mbele yao. Wao hawakujua. Walizunguka wakarudi na kanieneo ile ile yenye kosa, safari hii wakaziona taa, wakarekebisha mteremko, wakatua salama.

Sasa, hizo futi sita tumezijuaje, ikiwa altimita za marubani zilikuwa zikidanganya? Ndani ya ndege ile ile kulikuwa na altimita nyingine, isiyojali kanieneo wala alichosema mwongoza ndege, na kinasa data kilikuwa kinaandika kila inachokisoma. Hiyo ndiyo altimita ya redio, na sura hii ni yake.

Naandika nikiwa Akalla, kituo cha mwisho cha treni ya chini ya ardhi ya Stockholm, mstari wa buluu, mtaa wa maghorofa ya miaka ya 1970 ambako barabara zimepewa majina ya Kifini na wakazi wa Kisomali, Kieritrea, Kituruki na wengineo wanapishana kwenye kibaraza cha Sibeliusgången. Arlanda iko kaskazini yetu, kama kilomita 25. Bromma, uwanja mdogo uliofunguliwa mwaka 1936, uko kusini, haufiki kilomita kumi. Magharibi, Barkarby, palikuwa na uwanja wa kikosi cha ndege za kivita cha F 8, kilichovunjwa mwaka 1974. Leo uwanja ule umegeuka mji. Mashariki ni Kista, ambako kampuni ya Ericsson ilihamishia makao makuu yake mwaka 2003. Tutaifikia Ericsson baadaye, maana nayo imo katika habari hii.

Altimita ambayo kila rubani amekulia nayo ni kipimahewa tu. Hewa hupungua uzito kadiri unavyopanda, chombo kinapima upungufu huo, kisha kinakuandikia futi. Kwa kuwa hewa haitulii, rubani hana budi kuambiwa kanieneo ya siku hiyo ndipo aipatanishe. Hapo pameshaingia binadamu wawili na redio yenye mikwaruzo. Halafu kuna joto. Chombo kimetengenezwa kwa dunia ya kubuni ambayo usawa wa bahari una nyuzi 15 za Selsiasi. Dar es Salaam hewa ya moto imetanuka, na ndege huwa juu kidogo kuliko altimita inavyosema. Kosa la namna hiyo halimuui mtu. Huku kwetu Januari, kipimajoto kikiwa nyuzi 15 chini ya sifuri, hewa imejikunyata: rubani anayesoma futi 1,000 juu ya uwanja yuko kwenye futi 880 hivi. Hakuna kilichoharibika, hakuna aliyekosea, na futi 120 zimeliwa na baridi. Ndiyo maana marubani wa nchi za kaskazini hubeba majedwali ya masahihisho.

Nyanda za juu za Afrika Mashariki zina mtego wao. Septemba 1974 ndege ya British Airways, Boeing 747, ilikuwa ikishuka kuelekea Nairobi, kwenye uwanja wa Embakasi ambao baadaye uliitwa kwa jina la Jomo Kenyatta. Mwongoza ndege aliwaruhusu washuke hadi futi 7,500. Marubani wakasikia 5,000, wakairudia hiyo 5,000, na kosa likapita bila kukamatwa. Uwanja wenyewe uko futi 5,327 juu ya usawa wa bahari. Walikuwa wanashuka, kwa utulivu kabisa na ndani ya mawingu, kwenda mahali palipo zaidi ya futi 300 chini ya udongo. Kwa mtu aliyezoea viwanja vya pwani au vya Ulaya, 5,000 ni kimo kikubwa, cha kupumulia. Walijinasua ikiwa imebaki kama futi 70 kugusa nchi.

Swali la kipimahewa ni umbali kutoka usawa wa bahari, na bahari ya Nairobi iko Mombasa. Altimita ya redio inaiuliza ardhi yenyewe, ile iliyo chini ya tumbo la ndege sasa hivi.

Mmarekani Lloyd Espenschied wa maabara za Bell alilifikiria jambo hili katika miaka ya 1920, na mwaka 1938 kifaa kilionyeshwa hadharani kwenye ndege juu ya New York. Wazo la msingi mtoto wa shule anaweza kulieleza: peleka wimbi la redio chini, subiri lirudi, gawanya muda kwa mbili. Ugumu uko kwenye muda wenyewe. Wimbi la redio linakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Ndege ikiwa mita 30 juu ya ardhi, safari ya kwenda na kurudi inachukua sehemu moja ya milioni tano ya sekunde, au ukitaka kusema kwa lugha nyepesi: sekunde moja ikatwe vipande milioni tano, uchukue kimoja. Na rubani anayetaka kutua anataka kujua tofauti ya futi moja moja. Saa ya kupima hivyo ndani ya ndege haikuwepo mwaka 1938.

Ujanja ulikuwa kuacha kabisa kupima muda. Badala ya kupiga mlio mmoja na kungoja, kifaa hutuma wimbi mfululizo, bila kukatiza, huku masafa yake yakipandishwa na kushushwa muda wote kati ya megahezi 4,200 na 4,400. Wimbi linaporudi kutoka ardhini, linarudi na masafa liliyoondoka nayo. Wakati huo kinachotumwa kimeshapanda zaidi. Kwa hiyo kila wakati kuna tofauti kati ya kinachotoka na kinachoingia, na kadiri ardhi ilivyo mbali ndivyo tofauti inavyokuwa kubwa. Kifaa huyachanganya mawimbi hayo mawili na kusikiliza tofauti yao. Mpiga kanuni wa taarabu anaijua kazi hii kwa sikio: kila noti ya kanuni ina nyuzi tatu, na mbili zikikaribia kulingana bila kulingana, husikika mtetemo juu ya sauti, wa haraka zikiwa mbali, wa polepole zikikaribia, hadi unatoweka.

Tuweke hesabu. Tuseme masafa yanapandishwa megahezi 100 katika sehemu ya mia ya sekunde. Ndege ikiwa mita 150 juu ya ardhi, tofauti inayosikika ni hezi 10,000. Ikishuka hadi mita 15, ni hezi 1,000. Mita 3, hezi 200. Tazama tulipofika: tumeanza na kipande cha muda kisichopimika, tukaishia na hezi ambazo sikio la binadamu lingezisikia kama mluzi ukigeuka mngurumo kadiri ndege inavyoteremka. Kuhesabu mitetemo ya namna hiyo waliweza hata mafundi wa 1938 wenye redio za valvu. Binafsi naona huu ni miongoni mwa ujanja safi kabisa katika uhandisi wa karne iliyopita, na inaniudhi kidogo kwamba aliyeubuni hatajwi popote nje ya vitabu vya mafundi.

Kwa jina lake halisi, hii ni rada, ndogo. Mtanzania akisikia rada hukumbuka ile iliyonunuliwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa pauni milioni 28, ambayo fedha zake zilirudishwa nchini mwaka 2012 baada ya kesi ya kampuni ya BAE. Ile ilikuwa ya kutazama angani kutoka chini. Hii inatazama chini kutoka angani, na nguvu yake kwa kawaida haifiki wati moja, pungufu ya taa ndogo ya chumbani. Antena zake mbili, moja ya kutuma na moja ya kupokea, zimelala bapa chini ya tumbo la ndege, na abiria anaweza kupita chini yake asizione.

Mambo madogo ya ufungaji yana maana. Wimbi linasafiri pia ndani ya nyaya kutoka kwenye kifaa hadi kwenye antena, na umbali huo lazima utolewe kwenye hesabu. Sifuri inawekwa pale magurudumu ya nyuma yanapogusa njia ndege ikiwa imeinua pua. Kwa sababu hiyo, ndege iliyoegeshwa, yenye uzito wake wote kwenye magurudumu, mara nyingi husoma futi mbili au nne chini ya sifuri. Theluji kavu hupitisha sehemu kubwa ya wimbi hadi kwenye udongo, theluji mbichi hulirudisha. Juu ya msitu, sehemu ya wimbi inarudi kutoka vileleni na sehemu kutoka chini ya miti.

Chombo hiki kinaanza kusema ndege ikifika futi 2,500 juu ya ardhi, kama mita 760; juu ya hapo kwa kawaida kimya. Na kinaona kilicho chini tu. Ndege inayotoka Nairobi kwenda magharibi ikapita vilima vya Ngong, altimita yake ya redio inaweza kusoma futi mia kadhaa, kisha ghafla Bonde la Ufa linafunguka chini na namba zinakimbia juu ingawa ndege haijapanda hata inchi. Geuza safari na utaona hatari: kutoka bondeni kuelekea nyanda za juu, ukuta ulio mbele hauonekani mpaka uwe chini yako.

Hata hivyo, ardhi inavyopanda kwa kasi ndivyo namba zinavyoshuka kwa kasi, na Donald Bateman, mhandisi mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi Marekani, aliona kwamba mashine inaweza kufundishwa kushtuka. Aliunganisha altimita ya redio na vyombo vingine ndani ya ndege ili vipige kelele pale ndege inaposhuka haraka kupita kiasi, au ardhi inapoikimbilia, au inapokaribia nchi bila kuteremsha magurudumu. Marekani ililazimisha mashirika ya ndege kuwa na mtambo huo kuanzia katikati ya miaka ya 1970, baada ya ndege ya TWA kugonga mlima Virginia Desemba 1974, miezi mitatu tu baada ya ile ya Nairobi. Ajali za ndege nzima kuingizwa ardhini na marubani wasiojua zilikuwa kawaida kabla yake. Bateman alifariki mwaka 2023. Waliookolewa naye hawahesabiki, kwa sababu walifika tu nyumbani.

Mbona basi mtambo huo haukulia Paris? Kwa sababu ndege ilikuwa imeteremsha magurudumu, imetanua mabawa, inashuka kwa mwendo wa kawaida kuelekea uwanja uliokuwa mbele yake. Kwa mantiki ya mashine hiyo ni ndege inayotua. Ardhi ilikuwa inajibu sawasawa, lakini ndani ya ndege hapakuwa na kitu kilichopangwa kuuliza: mbona kimo cha redio na kimo cha hewa havipatani? Kengele iliyolia ilikuwa ya chini, kwenye mnara wa waongoza ndege.

Amsterdam mwaka 2009 mambo yalikwenda kinyume, na hapo watu walikufa. Kwanza ujue kwamba ndege za kisasa hukabidhi altimita ya redio kazi ya mwisho kabisa. Kuanzia futi 50, kompyuta inayotua yenyewe huanza kuinua pua na kupunguza injini kwa kufuata namba hizo, na sauti ya mashine huwahesabia marubani: hamsini, arobaini, thelathini, ishirini, kumi. Kwenye ukungu mzito rubani huamua kutua au kuondoka kwa kimo hicho cha redio, futi 100 au chini yake, kwa kuwa kipimahewa hakiaminiki kwa karibu kiasi hicho. Ndiyo sababu viwanja vinavyopokea ndege katika ukungu huchorewa ramani maalumu ya ardhi iliyo mbele ya njia, mita 900 kwa urefu na mita 60 kila upande: bonde dogo au tuta pale linageuka kuwa habari ya uongo kwa kompyuta.

Tarehe 25 Februari 2009, Boeing 737 ya Turkish Airlines kutoka Istanbul ilikuwa inashuka Schiphol, watu 135 ndani. Ikiwa bado karibu futi 1,950 juu, altimita ya redio ya upande wa kushoto ilianza kusoma futi nane chini ya sifuri. Ya kulia ilikuwa nzima. Lakini mfumo unaoendesha nguvu za injini ulikuwa unaisikiliza ya kushoto, nao ukafanya linalofanywa na ndege iliyokwishafika chini: ukashusha injini hadi mwisho na kuziacha hapo. Marubani walikuwa na shughuli nyingi, wameshikishwa njia kwa kuchelewa na wako juu ya mteremko, kwa hiyo injini kupungua hakukuwashangaza. Mwendo ukaporomoka. Onyo la ndege kuishiwa mwendo lilipolia walikuwa wamebakiwa na futi 460. Ndege ilianguka shambani kabla ya njia. Watu tisa walifariki, wakiwemo marubani wote watatu. Wachunguzi wa Uholanzi walikuta kwamba hitilafu ile ile ilikwishajitokeza kwenye ndege hiyo hiyo siku mbili zilizotangulia.

Mimi huyaona matukio haya mawili pamoja kila mara. Paris jibu lilikuwa la kweli na halikufika kwa mtu. Amsterdam lilikuwa la uongo na likaaminiwa bila kuulizwa la pili, na la pili lilikuwepo kwenye chombo cha mita moja pembeni.

Turudi mashariki mwa Akalla, Kista. Masafa ya altimita ya redio, megahezi 4,200 hadi 4,400, kwa miongo mingi yalikuwa na majirani wapole. Upande wa chini yake walikaa setilaiti za televisheni, wale wanaopokelewa na madishi makubwa yaliyokuwa juu ya mapaa ya hoteli na vituo vya televisheni Dar es Salaam na Nairobi. Sauti yao inatoka kilomita 36,000 angani na ikifika hapa ni mnong'ono. Watengenezaji wa altimita hawakuwa na haja ya kuweka vichujio vikali kwenye vipokeo vyao. Kisha simu zikahitaji nafasi, na zikapewa ya setilaiti. Sweden ilipiga mnada masafa yake Januari 2021, kuanzia megahezi 3,400 hadi 3,720, na kipande kilichobaki hadi 3,800 kikaachiwa vibali vya maeneo madogo. Ericsson, ambao mitambo yao hutundikwa kwenye minara ya namna hiyo duniani kote, wako umbali wa kutembea kutoka hapa. Kati ya simu za huku na altimita kumebaki uwazi wa megahezi 400, na ndege za Arlanda zimeendelea kutua.

Marekani walisogea zaidi, hadi 3,980, wakiacha 220 tu, na minara yenye nguvu. Januari 2022, siku mitandao hiyo ya simu ilipokaribia kuwashwa, Emirates, Air India na mashirika ya Japani yalifuta safari za Boeing 777 kwenda miji kadhaa ya Marekani. Wajapani wenyewe kwao wanatumia hadi 4,100, karibu zaidi, ila kwa nguvu ndogo na kwa masharti kuzunguka viwanja. Simu haziingii kwenye masafa ya altimita. Kipokeo cha zamani ndicho kinachosikia nje ya mipaka yake. Kampuni za simu zilikubali kuchelewesha na kupunguza nguvu karibu na viwanja, na ndege zikapewa hadi Julai 2023 kufungwa vichujio, la sivyo zisitue kwenye ukungu.

Vichujio hivyo vilipimwa kwa jirani wa 3,980. Sheria iliyopitishwa Marekani mwaka 2025 inaitaka tume ya mawasiliano ipige mnada angalau megahezi 100 nyingine, juu ya hapo, kati ya 3,980 na 4,200. Ndege zilizokwishafungwa vichujio zitalazimika kufunguliwa tumbo tena.